Jina Letu Kwenye Liste

Niliambiwa kwamba nimekwisha kula chakula ambacho sijakitia hata machoni. Aliyeniambia ni karani wa msaada, kwa upole kabisa, bila kuinua uso kutoka kwenye mashini yake.

"Mama, ulisha pokea," alisema. "Mwenye kufuata."

Tulikuwa katika kiwanja cha shule moja ya Mulekera, hapa Beni, jua limekwisha kupanda. Nilikuwa nimesimama kwenye mstari tangu asubuhi sana, mfuko mtupu kwapani na bidon ya mafuta mkononi. Shamba letu liko upande ambako, tangu vita vikaze, hakuna mwenye akili zake anayekwenda kuvuna. Nyumbani nilikuwa nimeacha watoto wanne, mume anayeendesha pikipiki ya mtu, na mama mkwe aliyetukimbilia na kikwembe kimoja. Unga, maharagwe, mafuta, chumvi na pesa kidogo kupitia simu: hivyo ndivyo vingetufikisha mwezi unaofuata. Kama si hivyo, sikujua tutafikaje.

"Nilipokea wapi? Saa ngapi?"

Alinigeuzia karatasi. Majina yangu yote matatu yalikuwa pale, bila kosa hata la herufi moja, na kando yake alama ya kidole gumba kwa wino wa bluu. Sasa mimi nilifika mwaka wa nne wa sekondari. Tangu nijue kushika kalamu sijaweka kidole mahali pa saini, na hilo nilimwambia kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa Kinande ili hata wa nyuma wasikose habari. Hasira zangu ziko karibu, sifichi. Mlinzi alinishika mkono kwa heshima akanifikisha hadi langoni, na watu wa mstarini walinicheka, ingawa si kwa ubaya. Wengi wananifahamu.

Lazima nieleze habari ya majina, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa. Kwetu sisi Wanande, jina la kwanza halitafutwi. Linamngoja mtoto. Msichana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, wa tatu ana lake, na wavulana vilevile, katika kila nyumba kuanzia Lubero mpaka Beni. Mimi ni msichana wa tatu. Jina la pili nilipewa la mama wa baba. La tatu ni la ubatizo, la mtakatifu ambaye mwaka ule padre alimgawa kwa nusu ya wasichana wa parokia. Jioni ile nilimpigia mama simu, yeye anakaa Butembo, nikitaka anihurumie. Alicheka mpaka akakohoa.

"Ulizania hii jina ni yako peke yako?" aliniuliza. "Mimi mwenyewe ninajua watatu hapa kwetu, na moja anauzaka chumvi kando ya mulango yangu."

Mume wangu alisema niachane na ile maneno, nisije nikafutwa kabisa. Mama mkwe alichukua jembe dogo akaenda nyuma ya nyumba kuchimba viazi vya mwisho, na kumwona ameinama pale kuliniuma kuliko maneno ya karani.

Kesho yake nilikwenda kwa chef wa avenue yetu, mkubwa wa mtaa, nikakaa kwake mpaka akachoka na mimi. Mwishowe alipiga simu mbili akaniambia kwamba jeton ya jina lile, ile karatasi ndogo ya kupokelea, ilitolewa Bungulu, sehemu nyingine ya mji, kwa mwanamke mmoja mkimbizi anayepanga chumba nyuma ya kanisa la Waprotestanti. Sikungoja amalize. Nilipanda pikipiki, na njiani nikapanga matusi yangu kwa utaratibu, madogo mbele, makubwa nyuma. Kumbe nilikuwa ninayasema kwa sauti.

"Mama, ile ya tatu uondoshe," motard aliyenibeba aliniambia. "Ile iko na nguvu sana."

Nilimkuta mwanamke mfupi, mwenye kunipita miaka labda kumi, akichochea moto chini ya sufuria ya maharagwe. Maharagwe yangu. Alinikaribisha kabla hajajua ninatafuta nini. Mimi sikukaa. Nilisimama mlangoni nikamtajia majina yangu matatu, moja moja, kama mtu anayetupa mawe.

Alishika mdomo. Kisha akafuta mikono kwenye kikwembe, akaja akanikumbatia kwa nguvu, na akaita watoto wake waliokuwa nyuma.

"Kuyeni muone," alisema. "Ndoyi yangu amefika."

Ndoyi ni mtu mwenye jina lako. Kwetu si jambo la kupita hivi hivi: ndoyi akiingia nyumbani anapewa kiti, anapewa chakula, na watoto wa nyumba ile wanamwita mama, kwa sababu amebeba jina la mama yao. Watoto sita walikuja kunipa mkono mmoja mmoja, "Jambo mama, jambo mama," na yule wa mwisho akapanda mapajani mwangu bila kuomba ruhusa. Niambieni, mtu ataanzia wapi kutukana? Nilikaa. Sahani ilikuja, ugali wa muhogo na maharagwe yaliyotiwa mafuta mazuri ya ngazi, yale mekundu ya mawese, na nilikula mpaka nikalamba vidole. Yalikuwa yameiva vizuri, siwezi kusema uongo.

Alinisimulia wakati ninakula. Alitoka Kanyabayonga kwa miguu na watoto wote, akafika Butembo, akaona hana mtu, akapanda lori la makaa mpaka Beni kwa kaka yake, na kaka mwenyewe ana chumba kimoja, basi akapanga chake. Naye ni msichana wa tatu. Mama wa baba yake ni jina lilelile, na padre wa kwao naye alimpa mtakatifu yuleyule. Alijiandikisha hapo Bungulu, akasikia jina lake linasomwa, akaenda, wakamwambia aweke kidole, akaweka. Kusoma hakujui, basi angeonaje kwamba kuna mwingine? Nilipomweleza kwamba kwenye liste, ile orodha yao, mstari ni mmoja tu, aliacha kutabasamu.

"Basi nilikula yako," alisema.

Akaingia ndani akaleta mfuko na beseni. Akaanza kupima unga: beseni moja upande wake, beseni moja upande wangu, na kwa kila beseni anasawazisha kwa kiganja. Nilikataa. Akaendelea kana kwamba hajasikia. Nilikataa tena, kisha nikakumbuka viazi vya mama mkwe, nikafungua mfuko wangu. Nilirudi Mulekera na nusu ya kila kitu na sina tusi hata moja nililotumia. Motard, aliyekuwa ameningoja, aliniuliza imekuwaje. Nilimwambia aangalie barabara.

Juma lililofuata tulikwenda pamoja kwenye bureau ya malalamiko. Watu walikuwa wengi. Ndoyi alikaa nje kwenye benchi na mtoto wake wa mwisho, mimi nikaingia kwa kuwa ndimi ninayejua Kifaransa. Karani alikuwa yule yule. Alitafuta katika mashini yake kwa muda, kisha akanieleza bila ubishi: ordinateri, ndiyo mashini ile, iliona jina moja mara mbili, Mulekera na Bungulu, ikafikiri ni mtu mmoja aliyejiandikisha kwa ujanja sehemu mbili, ikafuta mmoja.

"Lakini wewe njo uliandikishwa wa kwanza," alisema. "Naweza kukurudisha leo hii. Ila ule mwingine atatoka. Jaza hapa, utie saini."

Akanisukumia karatasi.

Nitasema ukweli, kwa kuwa ni mimi ninayeandika na hakuna anayenilazimisha: nilichukua kalamu. Niliwaza watoto wanne na mama mkwe. Niliwaza kwamba yule mwanamke ana kaka hapa, na kwamba wenye mapesa ya msaada hawatakosa kumwona siku nyingine. Mtu mwenye njaa nyumbani ana sababu nyingi sana, zote nzuri. Nafasi ya kwanza kwenye karatasi ilisema: jina la aliyejiandikisha kwa udanganyifu.

Niliandika jina la kwanza. Niliandika la pili. Hapo ndipo nilipoona ninachofanya. Nilikuwa ninajiandika mimi mwenyewe kuwa mwizi, kwa mwandiko wangu mzuri wa sekondari, na jina la mama wa baba yangu liko pale katikati. Mkono ulisimama. Kupitia mlangoni nilimwona ndoyi anamfunga mtoto kamba ya kiatu, ametulia kabisa, anajua kwamba mtu wake yuko ndani anamsemea. Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka moto. Kisha, kama kawaida yangu, aibu ikageuka hasira, na safari hii nilijua pa kuipeleka.

"Sitii saini," nilisema. "Sisi ni watu wawili."

"Mama, mashini inaonyesha moja."

"Basi mashini haijafika kwetu."

Nadhani sauti ilipanda, kwa sababu mkuu wake alitoka chumba cha pili kuuliza kelele za nini. Alikuwa bwana wa miwani aliyetumwa kutoka Kinshasa, mtu mpole, ambaye habari za majina yetu hakuna aliyewahi kumweleza. Nilimweleza mimi. Aliniangalia kama mtu anayesikiliza hadithi ya sungura. Nikaona maneno hayatoshi, nikamwomba asogee dirishani. Nje walikuwa wanawake tupu, labda mia, wanangoja zamu yao. Niliita jina letu la kwanza, lile moja tu, kwa sauti ninayowaitia mbuzi.

Wanawake tisa waligeuka. Wawili waliitika. Mmoja aliyekuwa anauza ndizi ng'ambo ya barabara aliacha beseni lake akaanza kuvuka kuja kwetu.

"Hawa bote?" mkuu aliuliza.

"Bote. Na bengine bako kwenye mashamba."

Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Kisha akaacha kucheka, akamgeukia karani akamwuliza wamefuta majina mangapi ya namna ile. Karani alitelezesha kidole kwenye mashini, mstari baada ya mstari. Wakaitwa wengine wawili kutoka chumba cha ndani, wakaanza kufungua liste za Bungulu na Mulekera na kuzisoma upya, na ndoyi akaingizwa. Walitupiga picha mmoja mmoja, wakachukua vidole vyetu vyote kumi kumi. Ndoyi aliniuliza pembeni kama kila kitu kimekwenda vizuri. Nilimwambia ndiyo. Ile karatasi niliyoijaza nusu niliiomba, nikaikunja, na jioni nikawashia nayo mbabula, jiko letu la makaa. Sikumwambia habari yake siku ile. Nilimwambia baada ya miezi, tukiwa tunachambua sombe, majani ya muhogo, na alisema tu, "Mimi ningekuwa ninajua kuandika, labda ningeandika mpaka mwisho." Tukaendelea na sombe yetu.

Walituambia tungoje liste mpya, mwezi mzima. Ule mwezi ulikuwa mgumu, na nilicheka ndani yake kuliko mwaka wote. Nusu mfuko haukai. Ulipokwisha upande wake, alikuja kwangu na watoto sita, na tulipika sufuria moja ya watu kumi na wanne, ugali mkubwa na majani yoyote tuliyopata. Mama mkwe wangu, ambaye tangu akimbie alikuwa anajibu kwa kichwa tu, alimpata mtu wa kusimulia naye mambo ya zamani. Akichoka na mmoja wetu alikuwa anaita jina, tunaitika wawili, na yeye anasema, "Hapana wewe, ule mwingine." Mume wangu alisema nyumba imekuwa na jina moja na midomo miwili, na kwamba wa kwanza ulikuwa umemtosha.

Siku ya liste mpya tulifika mapema. Waliibandika kwenye ukuta wa darasa, na mimi nikapita mstari kwa mstari na kidole. Tulikuwepo. Majina matatu, na chini yake majina matatu yaleyale, mistari miwili inayofanana mpaka nukta. Nilirudia kusoma mara tatu. Ndoyi alikuwa amenishika kiwiko.

"Yangu ni gani?" aliniuliza.

Niliangalia sana. Hakukuwa na tofauti yoyote. Mashini ilikuwa na picha na vidole vyetu, ingetujua ikifika zamu, lakini pale ukutani mimi na masomo yangu nilikuwa sawa na yeye asiyesoma.

"Chagua," nilimwambia.

Alifikiri kidogo. Kisha akanyanyua kile kidole gumba chake akakiweka kwenye mstari wa juu, polepole, akatabasamu. Mimi ndiye niliyeandikishwa wa kwanza, na maneno yale yalinifika mpaka kwenye ulimi. Niliyameza. Nikaweka kidole changu kwenye mstari wa chini, tukaenda kujipanga.