Bei ya Kuandikwa

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya maharagwe, sokoni Nyeri, afisa wa kukusanya bei alipofika na simu mkononi.

"Gorogoro moja ni pesa ngapi wiki hii?" akamuuliza muuzaji.

"Mia mbili tu."

Shosho mmoja, bibi mzee aliyekuwa mbele yangu, akafungua kiondo haraka. "Basi nipimie mbili."

Muuzaji akavuta kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi. "Shosho, hiyo ni ya kuandikwa. Ya kununua ni mia tatu."

"Na hiyo ya kuandikwa inakulwa na nani?"

"Nikisema ya ukweli, ati ni sisi tunaumiza watu."

Afisa alisikia yote. Kidole chake kilisita juu ya simu, kisha kikabonyeza mia mbili. Muuzaji akainamia gunia. Mimi nikaanza kukagua vitunguu ambavyo sikuwa na haja navyo. Shosho alitutazama mmoja mmoja, akafunga kiondo chake kitupu, akaenda zake.

Bei za soko huchapishwa katika gazeti hili hili, ukurasa unaofuata huu wangu. Maharagwe ni mia mbili. Ukikutana na shosho, tafadhali usimwonyeshe.