Mbea wa Chumba cha Pasi

Mdogo wangu ananyoosha nguo, na mkono wake watu huufungia safari. Suruali ikitoka kwake, mstari wake umesimama mpaka wateja wakambatiza jina hilohilo, Mstari, na siku hizi hata mimi dada yake namwita hivyo. Anatumia pasi ya mkaa. Ya umeme anayo, imelala kabatini ndani ya boksi lake, lakini umeme wa mtaa ule huja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na mtu wa ofisi hawezi kuvaa shati la kusubiri. Tena anasema pasi ya mkaa ina uzito wake, kitambaa kinaiheshimu.

Kazi anaifanyia chumba cha nyuma, nyumbani kwa mama mkwe wake. Chumba chenyewe nakieleza bila kukipamba, kama mtu asiyetaka kukipangisha: meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba za kutundikia nguo, jiko la kuwashia mkaa pembeni, na dirisha lililopigwa misumari. Misumari hiyo ilikuwa na sababu. Barabara ya nje ni ya vumbi, na vumbi linapenda shati jeupe kuliko kitu kingine chochote. Halafu kuna wezi wa kulabu, wanaopenyeza fimbo ndefu dirishani na kuvua nguo za watu kama wavuavyo samaki. Nguo ya mteja ikipotea anayedaiwa ni mwenye nyumba. Kwa hilo simlaumu mama mkwe. Ningekuwa yeye ningetafuta misumari mirefu zaidi.

Tatizo langu lilikuwa geti. Baraza ya nyumba ile imezungushiwa nondo kutoka sakafuni hadi kwenye paa, na geti lake ni la nondo pia, lenye kufuli la ukubwa wa ngumi. Njia ya kutokea ilikuwa hiyo tu, maana ua wa nyuma umezungukwa na ukuta mrefu, na ufunguo ulikuwa mmoja. Mama mkwe akienda sokoni, akienda kliniki, akienda kumjulia hali jamaa, anafunga kwa nje, na ufunguo unaondoka naye ndani ya pochi. Mwanawe, mume wa Mstari, anaendesha malori ya masafa, kila akiondoka humwambia mama yake, "Nakuachia mke wangu." Na mama yule, kitu akiachiwa, anakifungia.

"Ukitaka kutoka?" nilimuuliza Mstari siku moja.

"Namsubiri."

"Na likitokea jambo?"

"Jambo gani, dada? Hata hilo jambo lenyewe litapita wapi humu?"

Akacheka. Mtu akianza kutania kufuli, ujue ameshalizoea.

Ndipo kikaja kichwa. Kila mchana, akishainama juu ya meza kwa muda, kichwa kilianza kumgonga, miguu ikalegea, moyo ukamchafuka. Akitoka uani kuanua nguo, kinapoa. Akirudi ndani, kinarudi naye. Mama mkwe alikuwa na maelezo yake.

"Kichwa chako kina saa," alimwambia mbele yangu. "Asubuhi kizima, mchana kibovu, chakula kikiiva kimepona. Mimi pia niliolewa nikiwa na kichwa, mwanangu, lakini sikukitumia kukwepea kazi."

Mimi nauza vifaa vya umeme: nyaya, swichi, balbu, soketi. Wakati ule nilikuwa na katoni ya ving'ora vya ukutani, vile vya kulia vikisikia moshi au gesi ya sumu ya mkaa. Niliipata ndani ya fungu la mali nyingine, na muuzaji hakukubali kunipa fungu bila katoni ile. Ilikuwa imenikalia dukani, watu wakiulizana kama ni redio. Kwa hiyo nisijisifu kwamba nilimpelekea mdogo wangu zawadi. Nilimpelekea kitu kilichokataa kutoka. Ila kabla ya kumpelekea niligeuza nyuma nikasoma tarehe yake ya mwisho, maana vitu hivi navyo huzeeka, na kikishazeeka hubaki pambo la ukuta.

Nilikifunga kwa mkono wangu. Mara ya kwanza nilikiweka karibu na meza. Mstari akanyunyizia shati maji, akapitisha pasi, mvuke ukapanda, kikapiga kelele mtaa mzima ukageuka. Nikakihamishia ukuta wa pili, mbali na mvuke. Nikawaeleza wote wawili. Milio mitatu mitatu ni moshi. Milio minne minne ni gesi, na gesi hiyo haina harufu wala rangi, usisubiri kuiona. Kikilia hivyo, toka nje kwanza, maswali baadaye. Kikitoa kamlio kamoja kafupi kila baada ya muda, betri inaomba kubadilishwa. Kila wiki bonyezeni hiki kitufe msikie kama kiko hai. Vumbi mlifute kwa brashi kavu, msikipake rangi, msikioshe.

"Yaani ni mbea," alisema mama mkwe. "Anakaa ukutani, anasikiliza ya watu, halafu anatangaza."

"Ndiyo, mama. Ila huyu hatii chumvi."

Jina likaganda. Akawa Mbea. Na sijaona kifaa kilichotunzwa kama kile. Kila wiki mama mkwe alipanda kwenye stuli, akabonyeza kitufe, Mbea akalia, akashuka ameridhika. Nilipowapigia simu kuuliza, jibu lilikuwa hilohilo: "Mzima, ana sauti kutushinda." Kichwa cha mdogo wangu kikaendelea kuuma, na sasa mama mkwe akawa na shahidi. "Ingekuwa ni mkaa, Mbea angesema. Mbona hasemi? Basi ni uvivu."

Hata mimi nilianza kufikiri kwamba mdogo wangu ana ugonjwa mwingine.

Siku ya jambo lenyewe mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Nguo zilikuwa zimejaa kamba zote, na mlango wa chumba cha nyuma kwenda uani ulikuwa umezuiwa kwa magunia ya mkaa yaliyoingizwa ndani yasilowe. Nilipita mchana kumpelekea Mstari dawa ya kichwa. Geti limefungwa, mama mkwe yuko kliniki. Nikagonga nondo kwa sarafu.

Alikuja akishika ukuta. Ungemwona ungesema kalewa.

"Karibu, dada," alisema, akaketi chini upande wake wa nondo kama mtu aliyewekwa pale auzwe. "Nimebakiza mashati ya yule mwalimu. Anayataka leo."

"Umekula nini?"

"Sijala. Chakula hakipandi wala hakishuki."

"Mbea anasemaje?"

"Kimya. Na jana amebonyezwa, kalia vizuri tu."

Sijui ni nini kilinifanya nimwambie amlete. Pengine ni tabia ya kazi. Mteja akisema kitu ni kizima, mimi husema kilete nikione. Alikwenda, akachukua muda, akarudi nacho, akanionyesha kupitia nondo. Nikadhani macho yangu yana kasoro. Kifaa kilikuwa kinang'aa, kipya kama siku kilipotoka katoni, kwa sababu kilikuwa ndani ya nailoni. Haikuwa nailoni ya kutupia juu. Ilikuwa imekatwa kwa kipimo chake, imezungushwa mbele na nyuma, na pembe zake zimechomwa zikashikana, hakuna tundu la sindano.

"Hiyo nini?"

"Nailoni."

"Naona ni nailoni! Ya nini?"

"Mama alisema kitaingia vumbi." Alinitazama kama mimi ndiye niliyelewa. "Nilikifunga mwenyewe, kwa ncha ya pasi. Kama ninavyofunga mashati ya wateja."

Ukiijua nyumba ile hutashangaa. Rimoti imo ndani ya nailoni. Makochi yako ndani ya nailoni, ukikaa yanalalamika. Saa ya ukutani inaonyesha muda kupitia nailoni. Kitu cha thamani kinavishwa; ndiyo heshima yake. Na kile kitufe walichokuwa wakibonyeza kila wiki, wakikibonyeza kupitia nailoni, kinapima betri na sauti. Hakipimi kama hewa inaingia. Mbea alikuwa na mdomo, ila pua walikuwa wameiziba.

"Chana," nikasema. "Chana yote. Kakiweke mlangoni pa chumba, halafu urudi hapa."

Akachana kwa meno. Akaenda nacho. Mimi nikabaki nje, mikono kwenye nondo, nikisubiri arudi, hakurudi. Nikamwita.

"Namalizia kola tu!"

"Acha kola!"

Ndipo Mbea aliposema. Minne, kimya, minne, kimya. Niliwahi kuisikia sauti ile dukani mara nyingi nikimwonyesha mteja, na dukani ni sauti ya biashara. Kutoka ndani ya nyumba iliyofungwa ni kitu kingine. Mstari alitokea barazani mikono mitupu, akajitupa kwenye nondo, uso kaubana katikati ya vyuma viwili akivuta hewa ya nje.

"Kinasema nitoke," alisema. "Nitoke niende wapi?"

Nililivuta lile kufuli. Nikalipiga kwa jiwe. Mimi nauza makufuli pia. Nilijua kabisa kwamba lile si la kuvunjwa na jiwe. Nikapaza sauti kumwita fundi viatu aliye ng'ambo ya barabara, akaja mbio na nyundo yake ya kupigilia soli, ambayo kwa kufuli lile ilikuwa sawa na kijiko.

Mlio ukabadilika. Mitatu. Kimya. Mitatu.

Mimi na Mstari tulielewa pamoja, nikaona macho yake yanavyotoka. Aliposhtuka alikuwa ameiacha pasi juu ya shati.

"Usiende," nikamwambia, nikamkamata mkono kupitia nondo. "Nguo ziungue. Kaa hapa."

"Kukiwaka, dada, nitakaa hapa hivihivi?"

Hakuna biashara niliyowahi kushindwa kama ile. Alikuwa sahihi. Nikamwachia mkono. Alivuta pumzi, akafunika mdomo na kuingia. Fundi viatu alikuwa akilipiga geti kwenye bawaba, akitukana bawaba na aliyezichomelea. Nilisikia kitu kinaanguka, kisha maji yanamwagwa, kisha Mbea peke yake. Halafu Mstari akatoka ameishika pasi kwa mikono miwili, inafuka, akaisukuma chini mpaka kwenye kona ya saruji, akalala kifudifudi, mdomo kwenye upenyo wa chini ya geti. Alitapika maji matupu. Nikamshika vidole. Nilichoweza kukishika kilikuwa vidole tu.

Mama mkwe alitukuta hivyo, watu wamejaa, Mbea akitangaza. Alitafuta ufunguo ndani ya pochi mpaka fundi viatu akataka kumnyang'anya pochi yenyewe. Geti lilipofunguka alimruka mkwewe, akachungulia ndani, akarudi na swali lake la kwanza.

"Nani kamvua nailoni?"

Nilimpeleka Mstari zahanati, akawekewa hewa safi puani mpaka rangi ikamrudia. Mganga alisema angechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mengine. Tuliporudi watu bado walikuwepo, na hapo ndipo nilipofungua mazungumzo. Haki sikuitaja, sijaona mtu akiuziwa haki akanunua.

"Mama, shikamoo tena. Nguo za humu ndani ni za nani?"

"Za wateja."

"Zingeungua zote angedaiwa nani?"

"Mwenye nyumba," akadakia fundi viatu.

"Wewe nani kakuuliza? Shona viatu!"

"Mama," nikaendelea, "umemfungia mlinzi pamoja na mali. Mlinzi akizimia, mali inabaki na nani? Naomba dirisha lifunguliwe, pasi ihamie barazani, na ufunguo wa pili."

"Dirisha halifunguliwi! Wezi!"

Nilijua. Dirisha niliomba ili nipate la kuachia. "Basi dirisha tuliache, mama, kwa heshima yako. Tubaki na pasi na ufunguo."

Naye si mgeni sokoni. "Pasi sawa. Ufunguo nitamwachia jirani."

"Kwangu, mama." Ilikuwa sauti ya Mstari, nyembamba, ya mtu aliyeegemea ukuta. "Ukae kwangu."

Mama mkwe akafunga pochi, akaifungua, akaifunga. Kisha akasema atafikiri, na kwa mtu kama yeye, mbele ya watu wale, kusema atafikiri ni kutoa. Kesho yake ufunguo ulichongwa. Katoni yangu nayo iliisha wiki hiyohiyo. Mtaa mzima ulitaka Mbea, na kila mmoja niliyemuuzia nilimwapisha habari za nailoni.

Juzi nilipita. Mstari alikuwa barazani na meza yake, ananyoosha akitazama barabara kupitia nondo. Kichwa kimeacha kuuma. Vumbi linaingia, kwa hiyo nguo nyeupe anazinyoosha asubuhi mapema kabla magari hayajaanza. Ufunguo umening'inia shingoni.

"Umefika wapi nao?" nikamuuliza.

"Kwa fundi viatu."

"Basi?"

"Nilisimama pale. Akaniuliza nataka nini. Nikasema sitaki kitu." Alinyunyizia kola maji, akapitisha pasi. "Halafu nikakumbuka makaa yatapoa."

Nilipotoka alinisindikiza hadi getini. Akaniambia nisalimie nyumbani, akavuta geti, akapenyeza mkono nje kati ya nondo, akalifunga kufuli. Akalitikisa kuhakikisha limeshika, akarudi mezani.