Baba Alipokula Peke Yake

Hadi nilipotimiza miaka ishirini na mitatu sikuwahi kumwona baba yangu akila. Nilimwona akinywa chai ya asubuhi, nilimwona akitafuna karanga njiani akitoka shambani. Lakini chakula chenyewe, ugali na mboga, alikula mahali ambapo mtoto wa kike hakai. Kwetu Mwamapalala wanaume wa nyumba nne za jirani walikula pamoja jioni kwenye shikome, yaani penye moto wao wa nje, karibu na zizi la ng'ombe. Kila nyumba ilipeleka ugali wake na bakuli lake la mboga, vikawekwa katikati, na kila mkono uliingia katika kila bakuli. Kazi yangu tangu utotoni ilikuwa kupeleka, kupiga goti, kusema "mwadila", salamu yetu ya Kisukuma, na kuondoka kabla hawajaanza kunawa.

Nilirudi nyumbani nikiwa na cheti cha ualimu, somo langu likiwa sayansi kimu, katika miaka ile ambayo wanunuzi binafsi wa pamba walianza kutundika mizani zao kando ya barabara. Kama wengi, baba alipanua shamba la pamba mpaka likameza eneo la mtama. Unga tukawa tunaununua: sembe nyeupe, iliyokobolewa Bariadi mjini. Sukari, ambayo utotoni niliiona ikigawiwa kijiji kizima kwa kikombe, sasa ilikaa dukani kwa magunia, na mwenye duka hakumwuliza mtu ana kadi gani. Baba alitia vijiko vinne. Sikuwahi kumlaumu kwa hilo na simlaumu leo. Mtu aliyewakaribisha wageni wake kwa uji mkavu miaka mingi ana haki ya kuufurahia utamu unapofika.

Mama ndiye aliyeona sisimizi. Waliandamana kila asubuhi kuelekea nyuma ya ghala, pale baba alipozoea kujisaidia haja ndogo. Kwa muda baba alikuwa akimaliza mtungi wa maji kabla ya adhuhuri, na mkanda wake ulikuwa umetobolewa matundu mawili mapya. Nilimpeleka hospitali Bariadi. Daktari alipima mkojo, akapima damu, akasema ni kisukari. Akampa vidonge, na mimi akanipa karatasi mbili za maelezo zilizochapwa kwa mashine. Ninaona haya kukiri kwamba katika chumba kile, pamoja na hofu, niliona fahari fulani, kama mwanafunzi aliyeletewa mtihani wa somo alilolisoma vizuri.

Karatasi ilisema ugali usizidi ngumi ya mlaji, majani kwa wingi, maharage, saa zisizobadilika. Nilifikiri juu ya shikome nikaona kwamba pale haiwezekani. Nani atapima ngumi katika mlima wa ugali unaomegwa na wanaume saba?

"Baba," nilimwambia, "itabidi uwe unakula nyumbani."

"Kwa muda gani?"

"Siku zote."

Akasema, "Mayu, unajua unachoniomba?" Aliniita mayu, mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Ninakuomba uishi."

Jibu lile lilikuwa la kweli, na ukweli wake ndio ulionipofusha. Nikaongeza jambo jingine. Nilimwambia kwamba ugonjwa wake si habari ya kutangaza. Chuoni tulifundishwa kwamba siri ya mgonjwa ni mali yake. Baba, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, aliliheshimu neno la chuo kuliko nilivyostahili. Akakubali.

Jioni ya kwanza aliketi kwenye kigoda ndani ya nyumba, uso ameuelekeza ukutani, sahani iko juu ya stuli. Alimega tonge, akalichovya, kisha akasita mkono ukiwa hewani. Nilidhani mboga haina chumvi. Siku nyingi baadaye nilitambua kwamba alikuwa akingoja mkono wa mtu mwingine upite.

Siku ya tatu baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, alikuja mlangoni.

"Mwadila, mama mwalimu."

"Mwadila, baba mdogo."

"Kaka yangu mmemficha wapi? Au umemwandikisha darasa la kwanza?"

Mama alicheka. Mimi nikasema kwamba tumbo lake si zuri, anakula chakula laini.

"Basi aje nacho hicho laini. Sisi wenyewe meno yanatuishia, tutamsaidia."

Baba mdogo alingoja kidogo, akaondoka huku akijiimbia.

Majuma yalipita, ikawa miezi. Kwa upande wa dawa na chakula, kila kitu kilikwenda kama karatasi ilivyoagiza. Kiu ilipungua, sisimizi walitawanyika. Tulipokwenda Bariadi kupima, daktari alinisifu mbele ya wauguzi. Tukirudi nyuma ya gari lililobeba marobota ya pamba, nilimwuliza baba kama amefurahi.

"Mkojo umepona, mayu," alisema. "Nimebaki mimi."

Nilicheka, nikidhani ni utani.

Kuna jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, nami nililijua pia, lakini nilikuwa nimeliweka katika fungu la mambo ambayo elimu ingeyaondoa. Mwanamume anayeuondoa mkono wake katika bakuli la ndugu zake anasema, bila kutamka, kwamba anaogopa kilichomo. Na bakuli lina mpishi. Kati ya wanawake wanne waliopika chakula cha pale, watatu walikuwa na wazazi kijijini. Wa nne, mke wa baba mdogo, alitoka mbali, Binza kule Maswa, na hakuwa na mtoto.

Baba mdogo alirudi jioni moja. Safari hii hakusalimu kwa utani. Alisimama akaitazama sahani ya baba, na ile ngumi moja ya ugali.

"Kaka, umeona nini katika mikono yetu?"

"Sijaona kitu."

"Bakuli la mke wangu linarudi limejaa. Jana limerudi. Juzi limerudi. Wanakula ya wengine, lake wanaliruka. Walianza ulipoondoka wewe."

"Sijaona kitu, mdogo wangu."

"Basi njoo ule."

Baba alinitazama mimi. Mzee wa miaka hamsini na tisa, mwenye ng'ombe, mwenye neno katika mikutano ya kijiji, alimtazama binti yake ili apewe ruhusa. Nikasema, "Baba mdogo, ni maagizo ya daktari."

"Daktari gani anayemkataza mtu ndugu zake?"

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Lina silabi nne tu, na lingetosha. Lakini niliona kwamba kanuni hujaribiwa mahali kama pale, na kwamba mtu mwadilifu huishika hata ikimgharimu. Sikujiuliza inamgharimu nani. Baba mdogo akaondoka, na hakuja tena.

Pamba ilivunwa, ikauzwa. Zamani bwana shamba alikuwa akipita kila shamba baada ya mavuno kuhakikisha kwamba mashina yote yameng'olewa na kuchomwa. Asiyetii alipigwa faini. Baada ya biashara kufunguliwa, bwana shamba yule alihamishwa, na mwingine hakuletwa. Mwaka ule mashina yalibaki yamesimama, yamefyekwa juu kwa panga, makali kama vigingi vilivyochongwa.

Alasiri moja nilirudi kutoka shuleni nikamkuta baba hayupo. Alirejea jua likikaribia kuzama, akikatiza shamba la pamba kutoka upande wa kwa mdogo wake, amevaa katambuga zake za tairi. Alitembea kwa utulivu na uso wake ulikuwa umechangamka kuliko siku nyingi. Kumbe alikuwa amekwenda kwa mke wa mdogo wake, akaomba chakula. Hakukubali kulia ndani. Alitoa kigoda nje, mahali ambapo wapita njia wote wanaona, akala bakuli lake mpaka akalisafisha kwa kidole, kisha akasema kwa sauti, "Wabeja, mayu," akamshukuru kama mtu anavyomshukuru mama yake.

Haya niliyasikia baadaye. Wakati ule nilisimama mlangoni na swali langu la kwanza kwa baba lilikuwa hili: "Umekula nini huko?"

Uso wake ukafungika. "Michembe," alisema. Viazi vitamu vilivyokaushwa na kupikwa kwa karanga. Nikaanza kumweleza habari za sukari iliyomo katika michembe. Nilikuwa bado naeleza mama aliposema, "Mwanangu, tazama mguu wa baba yako."

Shina la pamba lilikuwa limeingia ubavuni mwa unyayo, juu ya ukingo wa katambuga, likavunjikia humo. Damu ilikuwa imejaa vumbi mpaka kwenye kifundo.

"Baba, huumii?"

Aliuangalia mguu kama wa mtu mwingine. "Sikuhisi," alisema.

Karatasi ya kwanza ya daktari ilihusu chakula, na hiyo niliikariri. Ya pili ilihusu miguu. Niliisoma mara moja.

Kidonda hakikufunga. Tulikiosha kwa maji ya chumvi, tukampeleka baba zahanati, kisha akalazwa Bariadi. Juma la tatu daktari alisema mguu ukatwe chini ya goti, la sivyo sumu itapanda. Alinitaka mimi niweke sahihi. Baba akatikisa kichwa. "Mwulizeni mdogo wangu."

Baba mdogo alifika kwa baiskeli, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Tuliketi kwenye benchi nje ya wodi, na pale, kwa mara ya kwanza, nililitaja jina la ugonjwa. Nilimweleza yote: sembe, sukari, ngumi moja, miguu isiyohisi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kisukari," alisema. "Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Mke wangu anapita njia ya nyuma kwenda kisimani, kwa sababu ya hilo tu."

"Chuoni walitufundisha kwamba siri ya mgonjwa..."

"Na ndugu wa mgonjwa, waliwafundisha nini kuhusu wao?"

Hakuniuliza kwa ukali. Laiti angeuliza kwa ukali. Alisimama, akaingia wodini, akashika mkono wa kaka yake. Walizungumza Kisukuma kwa sauti ya chini, nami sikusogea. Alipotoka aliomba wino, akaweka dole gumba lake kwenye fomu.

Baba alirudi nyumbani kwa magongo. Baba mdogo aliwaambia wanaume wa shikome jina la ugonjwa, na akawaagiza wanawake wote wapike mtama, majani na maharage, ili kaka yake ale kidogo kati ya watu badala ya kula kidogo peke yake. Jambo lililonishinda mimi yeye alilipanga kwa jioni moja. Nikiwa jikoni niliwasikia wakilalamika: "Leo tena majani? Kesho tutapelekwa machungani," na baba akicheka. Walimwacha amege matonge yake machache, kisha akakaa nao, mkono ameunawa, mpaka wa mwisho aliposhiba.

Tulikuwa naye hadi palizi ya msimu uliofuata. Mguu wa pili nao ulipata kidonda, na safari hii sumu ilitangulia.

Msibani nilizunguka nikieleza ugonjwa kwa jina lake, kwa kila aliyetaka kusikia na kwa asiyetaka. Watu waliitikia kwa adabu. Lakini nao walikuwa na hesabu yao, na ilikuwa rahisi kuliko yangu: mzee alikataa chakula cha mwanamke yule, akawa mzima; siku moja akala bakuli lake hadharani, akarudi na mguu unaooza. Bakuli alilolisafisha kwa kidole ili kumwokoa likawa ushahidi dhidi yake. Kabla ya mavuno baba mdogo aliuza ng'ombe wake, akahamia Maswa, kwa wakwe zake.

Mwaka jana nilikwenda Binza kuwasalimu. Baba mdogo hakuwepo. Mama mdogo alinipokea vizuri, akauliza habari za mama, habari za shule, akaingia jikoni. Alipotoka aliweka katikati yetu ugali wa mtama na bakuli la nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yaliyoungwa kwa karanga. Nilisogea ninawe. Akaniomba nisubiri kidogo. Akanawa yeye kwanza, akamega, akachovya katikati ya bakuli, akatafuna polepole na kumeza huku akinitazama, kisha akanisogezea maji.