Nilimkatia mama mkwe tiketi ya VIP ya rally, akakataa kukaa

Wakuu, salaam. Hii imenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni wa Kisumu town, nauza viatu soko la Kibuye. Mababu zangu walitoka pwani. Mke wangu Akinyi ni Mjaluo, kwao ni karibu na Muhoroni, wakulima wa miwa.

Mdogo wake, Atieno, ni navigator wa rally, mbio za magari. Anakaa kando ya dereva na kumsomea barabara kutoka kwa daftari, kona baada ya kona.

Mama yao hakuwa amewahi kumwona kazini. Alichojua ni kwamba magari hupinduka, na alikuwa anataka binti aache. Atieno ni mtu mzima, lakini si wa kumkaidi mama yake.

Sasa rally ikapangwa kupita karibu na kwao. Mama akakubali kuja mara moja tu, aone, halafu aamue. Kazi ya kutafuta tiketi nikapewa mimi.

Nikajituma, wakuu. VIP, tenti ya finish, soda baridi, viti vitatu vyenye namba zinazofuatana. Mimi nikajiweka katikati ili nimhudumie mama vizuri. Nilijiona mkwe wa mfano.

Mama alifika, akatazama viti, akasema mgongo unamsumbua, afadhali asimame.

Akinyi akanivuta kando. Kwao mwanamume hakai bega kwa bega na mama mkwe, ni heshima. Kwetu mama mkwe ni mama, mnakula sahani moja. Miaka sita ya ndoa na bado nikasahau! Nilitamani ardhi inimeze.

Na kusema ukweli, viti vyenyewe havikuwa na maana. Pale finish unaona vumbi, unaona gari, limepita. Kazi ya Atieno huioni kabisa.

Mama ndiye aliyeniokoa. Aliniita "Ora", yaani mkwe kwa Kijaluo, akasema twende kona ya trekta.

Kona hiyo anaijua tangu aolewe. Ndipo trekta za miwa humwaga mzigo kila msimu. Tukaenda kwa tuta la juu, nyuma ya kamba ya marshal wa usalama, pamoja na watu wa tiketi za kawaida. Mama akatandika leso juu, mimi nikashuka hatua kadhaa, Akinyi akakaa kati yetu. Kila mtu akatulia.

Kutoka pale unaona pande zote mbili za kona. Dereva kule chini haoni kitu, miwa imesimama kama ukuta.

Gari la kwanza lilichelewa kukata kona, likaingia kwenye miwa. Hakuna aliyeumia, lakini mama alishika kifua. Na gari lililofuata lilikuwa la kina Atieno.

Nilimwona waziwazi. Kichwa chini, macho kwa daftari, barabara haiangalii kabisa. Mdomo unaenda tu. Dereva akakata usukani kabla kona haijaonekana, gari likateleza kidogo, likajinyoosha, likaenda zake.

Mama alilifuata gari kwa macho hadi likapotea. Kisha akasema polepole, "Kumbe huyo dereva haoni. Anaendesha na mdomo ya mtoto yangu."

Wakuu, nina roho ngumu, lakini hapo machozi yalinilenga. Niliwapenda wote wawili, yule wa kwenye gari na huyu wa kwenye leso.

Alasiri Atieno akaja, vumbi mpaka kwenye kope. Alisimama mbali kidogo akingoja kuambiwa aache. Mama hakumsifu wala kumgombeza. Alimwambia afungue daftari, amsomee ile kona.

Atieno akasoma. Mama akatikisa kichwa.

"Hapo ongeza. Mvua ikinyesha, maji inakaa upande ya kushoto. Andika."

Atieno akaandika. Hilo ndilo lilikuwa jibu la mama.

Nilichojifunza: kabla hujanunua tiketi, jiulize mgeni wako amekuja kuona nini, na anaruhusiwa kukaa na nani. Bei ya kiti haikujibu hata swali moja kati ya hayo.

Wenye uzoefu wa rally, nyinyi hukaa wapi? Na walioaibika mbele ya wakwe, msiniache peke yangu humu.