Jino la Mtu wa Kale

Jamani, sijui nitauficha wapi uso wangu. Hapa London nasomea vinasaba vya watu wa kale, na nilipewa jino lililochimbuliwa huku huku Uingereza nilisage na kulipima. Majibu yakaonyesha asili ya Afrika Mashariki! Kwa kiherehere changu nikampigia mama kule Voi, "Mama, watu wetu waliishi huku zamani!" Naye akatangaza kanisani.

Leo nikiwa naieleza idara nzima ugunduzi wangu, profesa akaniuliza taratibu, "Neema, ulivaa barakoa ulipokuwa ukisaga?"

Siku ile niliishusha kidogo, nikapiga chafya. Na jino limekwisha lote, hakuna la kurudia.

"Nimelinganisha na vinasaba vyako," akasema. "Huyo mtu wa kale ni wewe."