Sabuni Ndani ya Kibuyu

Ukitaka maziwa lala ya kweli pale Kariandusi, utaelekezwa kwa Jepkemei. Ni mwanamke wa maneno machache, na mtu wa maneno machache hutungiwa mengi. Ilisemwa kwamba miaka yake minne Uarabuni ndiyo iliyomletea ng'ombe wake. Ng'ombe walinunuliwa na kaka yake, lakini nani aliuliza? Akihojiwa habari za huko alijibu, "Ni kazi tu," akageuza mazungumzo.

Basi mdogo wake, Chelimo, naye akapata kazi ya nyumbani hukohuko. Viza tayari, ndege Alhamisi. Jepkemei alitaka kumzuia, ila kila alipofungua kinywa aliona aibu, akaishia kusema, "Fikiria tena." Chelimo alidhani ni wivu.

Jumapili baada ya ibada, kina mama wa kanisa walikaa nje kusomeana riwaya, kama ilivyokuwa desturi yao. Safari hii ilikuwa riwaya iliyoandikwa na mwalimu Wamuyu, jirani yao asiye Mkalenjin, naye alikuwapo, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Ilimhusu msichana wa Kikalenjin aliyeenda kufanya kazi ng'ambo akageuzwa mtumwa: akanyang'anywa pasipoti, akafungiwa ndani, hata jina akabadilishwa. Chelimo ndiye aliyesoma. Akafika mahali msichana anapokumbuka nyumbani, mamake akiosha kibuyu cha maziwa kwa sabuni.

Wakaangua kicheko.

"Sabuni?" akauliza Chelagat, mwenyekiti wao. "Mwalimu, hata mtoto anajua kibuyu tunasugua ndani na kijiti imechomwa ikawa mkaa. Hiyo maziwa inanuka sabuni nani atakunywa?"

Tuseme ukweli, lilikuwa kosa la kuchekesha, na Wamuyu mwenyewe alitamani ardhi immeze. Chelimo akafunga kitabu.

"Kama amedanganya mambo ya kibuyu," akasema, "hata hayo mengine ni ya kutisha watu tu."

Jepkemei hakucheka. Alikuwa amekwama nyuma kidogo kitabuni, pale msichana alipofungua bomba la bafuni kwa nguvu ili asisikike, akajiita jina lake mwenyewe tena na tena, asije akalisahau.

"Mwalimu, wewe ulifanya kazi huko mwaka gani?"

"Mimi? Sijawahi hata panda ndege."

"Sasa hiyo ya bomba ulitoa wapi?"

"Nilijiuliza tu, wakininyang'anya jina, nitafanya nini."

Jambo hilo Jepkemei hakuwa amemwambia mtu yeyote, na huyu hapa, mwalimu wa watu, asiyejua hata kibuyu kinavyosafishwa, alikuwa ameingia katika bafu lile akamkuta. Alimtazama Wamuyu kwa mshangao uliokaribia hofu. Kuna watu Mungu amewapa macho ya ajabu, na wenyewe hawajui.

"Kibuyu amekosea," akasema mwishowe. "Hiyo ya bomba ni ukweli. Nilikuwa nafanya hivyo kila siku."

Chelimo alimtazama dadake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Kwani walikuwa wanakuita nani?"

"Linda. Ilikuwa jina ya msichana mwenye alikuwa hapo mbele yangu."

"Na yeye alienda wapi?"

"Sikuambiwa. Nilipewa tu patipati zake za bafuni nivae miguuni. Zilikuwa bado zimelowa maji."

Alhamisi ndege iliondoka bila Chelimo.