Mjomba Aliyekwenda Kuomba Mbegu

Nilipokuwa mwali tayari kwa kuolewa, serikali mbili zilikuwa zikigombana barazani kwetu kila jioni. Zenyewe hazikuwa na habari na sisi, isipokuwa msimu wa kodi. Mreno, aliyetutawala, alitetewa na mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye kwetu sisi Wamakua ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake. Mwingereza alitetewa na kijana aliyekuja kunichumbia kutoka Nachingwea, ng'ambo ya Ruvuma, alikokuwa aking'oa visiki kwenye yale mashamba makubwa ya karanga. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, nawasikiliza, na hasira zangu zilikuwa kwa wote wawili.

"Kwetu mtu analipa kodi ya kichwa, anapewa karatasi yake, mwaka mzima haguswi na mtu," kijana alisema.

"Na hizo shilingi za kulipia anazipata kwa nani?" mjomba aliuliza. "Si kwa Mwingereza huyo huyo? Anakupa asubuhi, jioni anakunyang'anya. Afadhali wa kwetu, haringi."

Mjomba hakumpenda Mreno. Nani angempenda? Lakini alikuwa mbishi wa kuzaliwa. Ukimwambia leo jua kali, atakwenda kutafuta kivuli akuonyeshe kuwa umetia chumvi. Tena makaburi ya wazee wake yalikuwa pale, na kila aliposikia nchi nyingine inasifiwa aliona ni wazee wake wanaotukanwa.

Pamba kwetu ilikuwa amri. Kila mwanamke mwenye nguvu za kushika jembe alipimiwa kipande chake kwa kamba, na mnyapara alipita alfajiri na filimbi kuangalia nani amechelewa. Kuchanganya kitu kingine humo, hata shina moja la kunde, kulikuwa kosa la kuchapwa. Kodi ililipwa vilevile, pamba iwe imekubali au imekataa. Baba yangu alichukuliwa kwenda kazi ya mkataba pwani nikiwa bado nabebwa mgongoni, akafia huko kwa homa. Mama akabaki na kipande chake cha pamba, na mimi, na mgongo uliokuwa ukiinama zaidi kila mwaka.

Sasa, mila yetu ni kwamba mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Anajenga ukweni, analima shamba la mama mkwe wake, na huko ndiko anakopimwa kama ni mtu au ni mdomo tu. Mama alikuwa akiisubiri mikono hiyo miaka mingi. Lakini kijana akihamia kwetu, atachukuliwa kama alivyochukuliwa baba. Mimi nikimfuata kwake, mama anabaki peke yake na filimbi ya mnyapara. Nilimpenda yule kijana, sioni haya kusema leo, lakini nilimwambia mjomba wazi kwamba sitavuka mto nikamwacha mama nyuma. Mjomba alinitazama kama vile chungu kimesema, maana hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Basi nitakwenda kuiona mwenyewe hiyo serikali inayosifiwa," alisema. "Na wewe utakuja kunipikia njiani. Mama yako atabaki, pamba haijaisha kuchumwa, na mnyapara akikuta hakuna mtu shambani tutatafutwa."

Tukavuka, tukatembea kupita Masasi mpaka nyayo zangu zikawa ngumu kama kwato. Tulifikia Nambambo, kwa ndugu zake kijana, Waislamu wapole waliotupisha chumba wakatuchinjia kuku. Kesho yake kijana alimchukua mjomba kumtembeza Nachingwea, nami nikawafuata nyuma. Vumbi lilikuwa jekundu, watu wana haraka, nyumba za bati zimeota mahali ambapo juzi tu palikuwa na tembo. Alimwonyesha reli. Alimwonyesha maduka yenye chumvi ya magunia na khanga za kila rangi. Alimwonyesha zahanati ambako mwanamke alikuwa anatoka na chupa ya dawa mkononi. Mjomba alionja chumvi, akasema ni chumvi tu.

Halafu wakafika mahali ambapo matrekta yalikuwa yamepangwa mstari mrefu, mengine yameshaanza kuota kutu, kwa sababu karanga zilikuwa zimewashinda wenyewe. Mjomba alisimama hapo muda mrefu, amefurahi mno.

"Yaani serikali yako imeshindwa kulima karanga?" alimwambia kijana. "Njugu hizi hizi anazolima bibi yangu kwa jembe la mti?"

Mimi nilitaka ardhi ipasuke nizame.

Lakini mjomba hakuwa amekuja kutazama matrekta wala maduka. Alikuwa na njia yake ya kupima nchi, na nilichelewa kuielewa. Kwetu, na huko vilevile, huwezi kuchungulia kihenge cha mtu, lile ghala la mianzi lililokandikwa udongo. Ni utovu wa adabu mkubwa, karibu na wizi. Lakini mgeni wa mbali akiomba mbegu hanyimwi, na mbegu haitolewi mlangoni. Kihenge hufunguliwa mbele yake, achague mwenyewe. Mjomba akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba, kofia mkononi, sauti ya unyenyekevu ambayo nyumbani hatukuwahi kuisikia: "Mimi mgeni, naomba mbegu kidogo."

Aliizunguka Nambambo yote. Akaenda Ruangwa kwa siku kadhaa, akarudi na ufuta wa Nambilanje, kijiji cha huko, umefungwa kwenye pembe ya shuka. Jioni alikuwa akinisomea matokeo, maana hakutaka kumpa kijana faida hiyo. Nyumba ya kwanza kihenge kimejaa mpaka nusu. Ya pili mtama upo, ila umeliwa na dumuzi. Nyumba moja mwenyewe alifungua akacheka kwa aibu, ndani mna magunzi, akampa choroko alizokuwa amezihifadhi kwenye kibuyu. Mjomba hakuficha njaa ya nchi ile wala hakuficha shibe yake. Kila mbegu aliifunga kwenye kitambaa chake, vifundo vikawa vingi, akavipanga kichwani pa kitanda.

"Tuseme basi, mjomba," nilimwambia siku moja. "Vihenge vya huku na vya kwetu, vipi?"

"Usinisumbue. Bado naomba," alijibu.

Kwetu mwezi ule vihenge vilikuwa na buibui, maana muda wa kulima chakula ulikuwa umekwisha kwenye pamba. Alijua hivyo, na alijua kuwa najua. Nikaanza kuwa na matumaini, tena matumaini mengi kuliko yaliyonifaa.

Asubuhi ya siku iliyofuata tukasikia kelele kutoka upande wa barabara, na wanaume wa jirani wakaanza kupita mbio nyuma ya nyumba kuelekea kwenye mihogo. Matarishi wa jumbe walikuwa wamekuja kukagua karatasi za kodi. Nilimtafuta kijana kwa macho. Alikuwa amekwishaondoka, miguu yake tu ndiyo niliyoiona ikizama kwenye majani. Walimtoa humo ana vumbi mpaka kope. Hakuwa na karatasi. Shilingi za kodi yake alikuwa amenunulia mchele wa kumpokea mjomba, na khanga niliyokuwa nimeivaa mimi wakati huo huo.

"Ndiyo hiyo mwaka mzima haguswi na mtu?" mjomba alimpigia kelele akiwa anapelekwa. "Ndiyo hiyo?"

Nilivua khanga ile nikaikunja nikaiweka chini ya kitanda. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilimchukia Mwingereza, nikamchukia Mreno, nikamchukia zaidi yule mpumbavu aliyejisifu kuhusu kodi na yeye mwenyewe hajailipa. Kwa akili zangu habari ilikuwa imekwisha, kilichobaki ni kurudi kwenye pamba.

Kijana alipewa kazi ya kufyeka majani ya barabara mpaka deni lake la kodi liishe. Mjomba hakufunga safari ya kurudi kama nilivyotegemea. Kila asubuhi alikwenda kuketi mbele ya baraza la jumbe, akatazama. Nilikuwa nampelekea kijana chakula, kwa hiyo nilikuwepo siku aliyomaliza. Karani wa kodi, mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliandika karatasi akampa, akamwambia aende zake.

Mjomba akainuka. "Samahani, bwana karani. Huyu sasa anakwenda wapi?"

"Kwake."

"Na anapanda nini?"

Karani alimtazama. "Kupanda nini vipi?"

"Mwaka huu. Mmempangia apande nini?"

"Mzee, sisi tumemaliza naye. Apande anachotaka." Kisha akakumbuka kitu, akainua kidole. "Isipokuwa muhogo. Serikali inataka kila mtu awe na muhogo wa akiba."

Uso wa mjomba ukakunjuka kwa ushindi. "Ahaa! Muhogo! Na ukishakomaa mnaupeleka wapi?"

"Tunaupeleka wapi? Anakula mwenyewe."

"Anakula mwenyewe."

"Ala! Sasa aule nani mwingine, mzee?"

Watu waliokuwa pale wakacheka. Mjomba hakucheka. Aliuliza tena, mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayemuuliza mganga: "Mnyapara haji kuupima?" Karani akasema huko kwao hawana watu wa kutosha hata wa kupima barabara, itakuwa muhogo wa watu. Mjomba akashukuru, akavaa kofia yake, akatoka. Sote watatu tukarudi Nambambo.

Tulipofika aliviteremsha vile vifundo vya mbegu kitandani akavimwaga mbele ya kijana.

"Mila haivunjwi," alisema. "Mwanamume anahamia ukweni, analima shamba la mama mkwe wake. Sitaki kusikia kwamba mpwa wangu alimfuata mume kama mbuzi anayefuata majani. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mzee," kijana alisema, na kichwa kikainama.

"Ukweni ni pale alipo mama mkwe. Utafyeka shamba lake hapa Nambambo, utajenga nyumba yake kabla ya yako. Ikishasimama, nitamleta. Hapo utakuwa umehamia ukweni, na mimi sitakuwa nimevunja kitu." Kisha akanigeukia mimi. "Na serikali ya huku ni mbaya. Nisije kusikia unasema nimeisifia."

Niliangua kicheko na kilio kwa pamoja. Nikaitoa ile khanga chini ya kitanda.

Kijana alifyeka msimu mzima wa kiangazi. Mimi nilirudi na mjomba kumsaidia mama kumaliza pamba, kung'oa mashina na kuyachoma kama ilivyoamriwa, ili asionekane ameacha kitu nyuma. Tuliondoka siku ya ngoma ya jando, wakati kila mtu yuko njiani na hakuna anayemuuliza mwenzake aendako. Mama alibeba jembe lake na mkeka. Mjomba alitufikisha mpaka Nambambo, akaikagua nyumba, akasukuma kila nguzo kwa bega, akasema imekaa kombo kidogo, akarudi kwa makaburi yake. Hakuhama kamwe. Lakini kila mwaka baada ya mavuno alikuja na kofia mkononi, akasimama mlangoni kwa mama kama mgeni, akaomba mbegu. Mama alimfungulia kihenge, naye akachungulia kwa muda mrefu kuliko mbegu zilivyohitaji.

Sitasema kuwa tuliingia peponi. Kodi ilituhangaisha, na karatasi ya mume wangu nilikuwa naificha mimi kwenye mto wangu, kwa sababu simwamini mpaka leo. Mashamba ya karanga yalifungwa, kazi ikaisha, wengi wakahama. Tulipanda mikorosho, tukapanda ufuta, miaka mingine mvua ikatunyima. Watu wakiniuliza ipi ilikuwa bora kati ya zile serikali mbili, huwa nawaambia habari ya asubuhi moja tu.

Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku. Niliamka nikakuta mkeka wa mama mtupu. Nilimkuta shambani, kumepambazuka kidogo tu, amesimama mwisho wa tuta la kwanza na jembe begani, hagusi kitu. Mume wangu alikuwa upande wa pili, amegeuza mgongo kwa heshima, maana mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni.

"Mama, mbona umesimama?" nilimuuliza.

"Nasubiri filimbi," alisema.

"Hakuna filimbi, mama."

Akaangalia barabarani, akaniangalia mimi. "Wamesema tupande nini?"

"Hawajasema."

Kisha akaweka jembe chini, akafungua vifundo vya mjomba kimoja kimoja, akavimimina vyote kwenye ungo mmoja: mtama, kunde, choroko, mbegu za maboga, ufuta wa Nambilanje. Akavikoroga kwa mkono, taratibu, akitazama nyuma mara mbili kama mtoto anayeiba sukari. Hakuna aliyekuja. Akachimba shimo la kwanza, akatumbukiza humo kunde na mtama pamoja, akafukia, akakanyaga kwa kisigino.

"Haya," alisema. "Na waje wanichape."